Dola 200 na Nyuzi za Chuma: Sheria Iliyochonga Kiungo cha Silansie



Juma hili ninawaletea historia ya kitu kidogo, cha urefu wa kidole tu: kile kiungo kinachoshikisha silansie kwenye mdomo wa bunduki. Najua wapo watakaosema, "Wewe injenia wa kilimo, unatafuta nini huko?" Jibu langu ni fupi. Sisi watu wa kilimo tunaishi kwa viungo. Trakta bila kiungo cha jembe ni gari la kupiga kelele tu. Motopompe bila rakori ni chuma cha kupamba depo. Na historia ya kiungo hiki inafundisha jambo ambalo watu wa mashini wanalisahau, na watu wa sheria wanalisahau vilevile: sheria ikigusa kipande kimoja cha mashini, inageuza umbo la kipande cha pembeni ambacho haikukitaja hata mara moja.

Ninasema "silansie" kama mafundi wetu wa garaji wanavyoiita ile tiyo nene iliyo chini ya gari. Magazeti ya Tanzania, yakiwa yanazungumzia bunduki, huandika "kiwambo cha sauti". Ya gari na ya bunduki zinatoka kwenye wazo moja: gesi ya moto inayotoka kwa haraka ipewe nafasi ya kutulia mbele ya kukutana na hewa ya nje.

1. BABA KIZIWI, MTOTO WA UKIMYA

Tuanze na baba. Hiram Stevens Maxim alikuwa Mmarekani aliyehamia London. Mwaka 1884 alitengeneza bunduki iliyojiendesha yenyewe: risasi ikitoka, ule msukumo wa kurudi nyuma unafungua bunduki, unatupa ganda na kuingiza risasi nyingine. Karibu risasi 600 kwa dakika. Jina la Maxim linajulikana katika historia ya Afrika kuliko majina ya magavana wengi.

Na Kongo ilikuwa kati ya nchi za kwanza kuiona. Mwaka 1887, Henry Morton Stanley alipopanda mto kwenda kumtafuta Emin Pasha, alikuwa na bunduki ya Maxim aliyopewa na mtengenezaji mwenyewe. Safari ile ilikuwa na mamia ya wapagazi kutoka Unguja. Tippu Tip alisafiri nao kwa meli hadi mdomo wa mto Kongo, akiwa amekwisha kukubali kuwa wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Leopold II. Basi chuma kile kilisafiri na watu waliosema Kiswahili hiki hiki ninachowaandikia.

Maxim mzee alilipa kwa masikio yake. Miaka ya kusimama karibu na bunduki zake ilimfanya kuwa kiziwi. Aliheshimiwa na mfalme wa Uingereza, akapewa cheo cha "Sir" mwaka 1901, akafa mwaka 1916 akiwa hasikii vizuri hata mtu aliyesimama mbele yake.

Nyuma yake Marekani aliacha familia, na ndani yake mtoto wa kiume, Hiram Percy Maxim, aliyezaliwa mwaka 1869. Huyu alilelewa na mama, akamaliza masomo ya uinjenia katika chuo cha MIT mwaka 1886 akiwa bado kijana kabisa, akafanya kazi kwenye magari ya kwanza katika mji wa Hartford. Inasimuliwa kwamba siku moja aliyaangalia maji ya kuogea yakitoka kwenye beseni kwa kuzunguka, akajiuliza: gesi ya bunduki nayo ikizungushwa namna hii, haitachelewa? Tarehe 30 Machi 1909 alipata hati ya uvumbuzi wake, na kampuni yake ikaanza kuuza "Maxim Silencer".

Wale waliosoma umwagiliaji wataielewa mara moja. Maji ya mfereji yakishuka kwenye mteremko mkali yanachimba udongo. Tunafanya nini? Tunaweka ngazi na vibwawa, maji yagonge, yazunguke, yapoteze nguvu, ndipo yaende shambani kwa amani. Silansie ni mfereji wenye ngazi ndani ya tiyo. Vile visahani vya chuma vilivyopangwa ndani yake ndizo ngazi zenyewe.

2. TUNDU MOJA, MSTARI MMOJA

Sasa hapa njo pana shida ambayo sinema hazituonyeshi. Maji ya mfereji hayana risasi katikati. Kwenye bunduki, gesi inazuiwa lakini risasi lazima ipite. Kila kisahani kina tundu katikati, na tundu hilo ni kubwa kidogo tu kuliko risasi. Likiwa kubwa sana, gesi inapita pamoja na risasi na hakuna kazi iliyofanyika. Likiwa dogo sana, risasi inagusa.

Piga hesabu pamoja nami. Tuchukue silansie ya sentimita 20. Ikishikishwa ikiwa imeinama kwa digrii moja tu, mwisho wake unakuwa umehama milimita 3,5 kutoka kwenye mstari. Digrii moja macho hayaioni. Lakini milimita 3,5 zinatosha risasi igonge kisahani, itoboe tiyo, au itoke ikiwa imepinda njia. Kwa hiyo ukimya unafanywa na visahani, lakini usalama unafanywa na kiungo. Mtu anayechagua silansie anachagua vitu viwili, na kile cha pili ndicho kinachoweza kuharibu vyote.

Tena silansie haiko ya kunyamazisha kabisa kama wanavyodanganya kwenye filamu. Bunduki ndefu inapiga desibeli 160 na zaidi. Silansie nzuri inapunguza 20 hadi 30 na kitu. Mlio unabaki mkubwa, ila unakaribia ile desibeli 140 ambayo waganga wa masikio wanaitaja kama mpaka wa hatari kwa mlio wa ghafla. Na risasi inayokwenda haraka kuliko sauti, yaani zaidi ya mita 340 kwa sekunde, inapasua hewa kwa mlio wake yenyewe, na huo hakuna tiyo inayouzuia.

3. KIUNGO CHA KWANZA

Maxim kijana alianza na njia ya kila fundi: nyuzi. Ninasema zile nyuzi za vise, ile mistari inayozunguka kama kwenye buloni. Unakereza nyuzi kwenye mdomo wa mtutu, unakereza nyingine ndani ya silansie, unazungusha mpaka inashika. Rahisi, nyepesi, bei ndogo.

Lakini bunduki za wakati ule zilikuwa na alama ya kulengea juu ya mtutu, karibu kabisa na mdomo. Tiyo nene yenye tundu katikati ingeifunika, na mpigaji asione anakolenga. Ndiyo maana katika modeli yake ya 1910 Maxim alihamisha tundu: tiyo ilikaa chini ya mstari wa risasi, unene wote ukaenda chini, juu pakabaki wazi kwa macho.

Akili nzuri. Lakini tazama alichokizaa. Silansie ya mviringo kamili haina juu wala chini; unaizungusha mpaka inakaza, basi. Ile yenye tundu la pembeni ina juu na chini. Ikikaza ikiwa imegeuka ubavu, inafunika alama na inaonekana kama kofia iliyovaliwa vibaya. Kwa hiyo nyuzi zilitakiwa kuishia mahali pake hasa. Kutatua shida ya macho kulileta shida ya kiungo. Tangu mwanzo njo ilikuwa hivyo.

Jeshi la Marekani liliijaribu silansie kwenye bunduki yake ya Springfield katika miaka ile mbele ya vita vya kwanza vya dunia. Hapo kukaja mshindani ambaye Maxim hakuweza kumfukuza: singe. Askari wa 1910 aliamini singe kuliko redio. Na singe inakaa wapi? Kwenye mdomo wa mtutu, pale pale silansie inapotaka kukaa. Vitu viwili havikai kwenye kiti kimoja.

Kwa raia lakini biashara ilikwenda. Silansie ziliuzwa madukani kwa dola chache, na matangazo yalisema ni adabu kwa jirani. Rais Theodore Roosevelt mwenyewe alikuwa na bunduki ya Winchester yenye silansie ya Maxim. Hakuna aliyeona ajabu.

4. MWAKA 1934

Miaka ya marufuku ya pombe ilileta Marekani magenge, na magenge yalileta hofu. Tarehe 26 Juni 1934, chini ya Franklin Roosevelt, ikatiwa sahihi sheria inayoitwa National Firearms Act. Shabaha yake kubwa ilikuwa bunduki za kumiminia risasi na zile zilizokatwa mtutu. Silansie iliingizwa kwenye orodha hiyo hiyo bila mjadala mrefu.

Sheria haikukataza. Ilifanya kitu cha akili zaidi: iliweka kodi ya dola 200 kwa kila kipande, pamoja na kuandikishwa serikalini. Dola 200 za 1934 ni zaidi ya dola 4.000 za leo. Kitu kilichouzwa kwa dola chache kikabeba kodi inayozidi bei yake mara nyingi. Kampuni ya Maxim ilikuwa tayari imeiacha biashara ya bunduki na kugeukia silansie za moteri na mashini za viwanda, kazi iliyoendelea vizuri baada ya yeye kufa mwaka 1936.

Mimi siwacheki waliokuwa na hofu. Kwetu mashariki watu wengi wamejifunza kusoma usiku kwa masikio: mlio huu uko ng'ambo ya mto, huu uko karibu, watoto waamshwe. Mlio ni adui, lakini pia ni onyo. Mtu aliyeishi hivyo anaelewa haraka kwa nini bunduki isiyosikika inatisha kuliko ile inayosikika. Ila kuelewa hofu ni jambo moja. Kuangalia sheria ile ilifanya nini kwenye chuma ni jambo lingine, na hilo njo ninalolifuata.

Shikeni hoja hii: kodi iliwekwa juu ya tiyo. Tiyo ndiyo inayoandikishwa, ndiyo yenye namba. Kiungo kinachobaki kwenye bunduki hakikutajwa. Na kwa miaka zaidi ya tisini kodi haikupandishwa hata senti moja: dola 200 mwaka 1934, dola 200 mwaka 2024.

5. NDOA ISIYO NA TALAKA

Vita vya pili vya dunia vilileta jibu lingine kabisa kwa swali la kiungo: usiwe nacho. Waingereza walitengeneza silaha ambazo silansie yake ni sehemu ya mwili. Welrod, bastola ya watu wa kazi za siri, ilitoka kwenye karakana yao ya Welwyn. Karabini ya De Lisle ilichukua mwili wa bunduki ya Lee-Enfield na kuuvalisha tiyo kubwa kutoka mbele hadi karibu na mahali pa risasi, ikatumia risasi nzito ya polepole isiyopasua hewa. Kulikuwa pia na Sten ya namna hiyo.

Faida ni wazi: hakuna kiungo, hakuna kulegea, hakuna digrii moja ya kuogopa. Hasara nayo ni wazi: tiyo ikichafuka au ikichoka, silaha nzima inarudi karakana. Ni kama moteri na pampu zilizochomelewa pamoja. Siku moja imeharibika, vyote viwili vimeharibika.

Warusi walirudi kwenye nyuzi. Bunduki ya Kalashnikov ina nyuzi kwenye mdomo wake, milimita 14 kwa upana, na zinazunguka kushoto, kinyume cha buloni zetu za kawaida. Silansie yao ya PBS-1 ilikaa juu ya nyuzi hizo hizo. Fundi akijaribu kukaza kwa mazoea ya mkono wake, anafungua.

6. TIYO MOJA, BUNDUKI NYINGI

Sasa turudi kwa Mmarekani wa kawaida, mwindaji au mpenda shabaha. Miaka inapita, dola 200 zinapungua uzito, na polepole watu wananunua tena silansie. Lakini kila tiyo ilikuwa na kodi yake, ilikuwa na karatasi zake, na kibali chake kilikuwa kikingojewa miezi mingi. Mtu ana bunduki nne. Anunue tiyo nne, alipe 800 juu ya bei, angoje mara nne? Hapana. Ananunua tiyo moja, nzuri, kubwa kidogo, itumike kwenye bunduki zote nne.

Hapo swali la kiungo linakuwa swali la kila kitu. Maana bunduki nne zina nyuzi tofauti. Ile ndogo mara nyingi ina nusu inchi yenye nyuzi 28 kwa inchi. Ile kubwa ina inchi tano ya nane yenye nyuzi 24. Na kuzungusha tiyo kila mara, kuitoa hapa na kuitia pale, kunachosha mkono na kunachosha nyuzi zenyewe.

Kwa upande wa jeshi kulikuwa na sababu nyingine zilizoelekea mahali pamoja. Askari anataka kuvaa na kuvua silansie upesi, na anataka kile kizima-mwali kilicho mdomoni mwa bunduki kibaki kazini. Heckler & Koch wa Ujerumani waliweka kwenye mtutu wa MP5 meno matatu ya kushikia: unasukuma, unazungusha kidogo, imeshika. Kampuni ya Knight's Armament ilitengeneza silansie inayofungwa juu ya kizima-mwali chenyewe kwa komeo. SureFire na wengine wakafuata na njia zao. Jeshi lilitaka haraka, raia alitaka tiyo moja itembee. Fundi mmoja akawajibu wote wawili.

Mpaka leo mtu anayechagua anakutana na familia tatu. Nazieleza kwa uzito wake:

Ya kwanza ni nyuzi za moja kwa moja. Nyepesi, fupi, bei ndogo. Zikikerezwa vizuri zinakaa kwenye mstari kuliko zote. Na siri yake haiko kwenye nyuzi: iko kwenye bega, ule ukingo ulionyooka nyuma ya nyuzi ambapo tiyo inaegemea. Nyuzi zinavuta, bega ndilo linalonyoosha. Ubaya wake ni mtetemo na joto: baada ya risasi nyingi inaanza kulegea, na mpigaji lazima aiguse kuikaza wakati ina moto wa kuchoma ngozi.

Ya pili ni ya haraka, ya komeo au meno. Kipande kimoja kinabaki kwenye bunduki daima, kizima-mwali au kipunguza-msukumo, na tiyo inafungwa juu yake. Sekunde chache, imeingia. Ubaya wake ni uzito zaidi mbele kabisa ya mtutu, mahali ambapo kila gramu inahesabika mara mbili. Bei ya juu. Na vipande vingi vinavyopaswa kukubaliana. Kila kipande kinaongeza kosa lake kidogo kwenye ile hesabu ya digrii moja. Halafu kuna masizi. Gesi chafu inaingia kwenye mianya ya komeo, inakauka, na siku unataka kuvua, tiyo inakataa.

Ya tatu ni ya mteremko, yaani kiungo chenye umbo la faneli. Uso wa faneli unaingia kwenye uso wa faneli, vinajikatisha vyenyewe, vinajipanga vyenyewe, na gesi haipenyi kufikia nyuzi zilizo nyuma. Watu wa mashini wanaijua zamani: kichwa cha keekee kubwa kinashikwa hivyo hivyo. Ubaya wake ni kwamba lazima ikerezwe sawasawa kabisa na isafishwe. Faneli yenye uchafu upande mmoja inapotosha tiyo nzima.

Kwa bastola kuna jambo la pembeni. Bastola nyingi mtutu wake unainama kidogo kila risasi ikitoka, ndivyo zinavyofanya kazi. Ukitundika uzito mbele, hauinami vizuri na bastola inakwama. Basi kiungo chake kina pistoni na springi ndani, ili kwa kitambo kidogo sana mtutu utembee kana kwamba tiyo haipo. Kiungo ambacho kazi yake ni kuachia wakati kinashika. Mimi nimekitazama hicho mara nyingi kwenye mchoro na bado kinanifurahisha.

Sasa linganisheni na Ulaya ya kaskazini. Katika nchi kama Finland na Norway mwindaji hutumia silansie kama kitu cha kawaida, kwa masikio yake, ya mbwa wake na ya majirani. Hailemewi na kodi kama ile. Na kiungo gani kimeenea huko? Nyuzi za moja kwa moja, za milimita: 14, 15, 18. Wafini walifanya kazi kubwa upande mwingine, kuirudisha tiyo nyuma juu ya mtutu ili bunduki isiwe ndefu. Lakini viungo vya komeo vyenye vipande vingi havikuwashika kama vilivyoshika Wamarekani. Juu ya nini? Kwa maoni yangu, jibu liko wazi: pale tiyo ni rahisi kupata, kila bunduki inaweza kuwa na yake, na ikishakazwa haina haja ya kutembea. Akili ya mhandisi ni ile ile pande zote mbili. Karatasi ya serikali njo haiko ile ile.

7. KUKUBALIANA

Kila kampuni ya Marekani ilikuwa na kiungo chake. Ukinunua tiyo ya huyu, umefungwa na vizima-mwali vya huyu. Kampuni ikifunga, tiyo yako uliyoilipia kodi inabaki yatima. Wenye bunduki wakachoka. Polepole, bila serikali kuagiza, viwanda vingi vikaanza kuacha mkia wa tiyo wazi na nyuzi za kipimo kimoja: inchi 1,375, nyuzi 24 kwa inchi. Ndani ya nyuzi hizo unaweza kutia kiungo cha kampuni yoyote: cha nyuzi, cha komeo, cha faneli. Tiyo yenye namba na kodi inabaki ile ile. Kiungo, ambacho hakina kodi, kinabadilishwa kama tairi.

Sisi wa kilimo hii hadithi tunaijua kwa jina lingine. Harry Ferguson alipounganisha jembe na trakta kwa pointi tatu, na Ford akaiweka kwenye trakta ya 1939, kila kampuni ilikuwa na namna yake ya kuvuta jembe. Leo nenda popote, trakta ya rangi yoyote inapokea jembe la rangi yoyote kwa pointi tatu. Hakuna aliyeshinda kwa kuwa na moteri kubwa. Ilishinda ile inayokubaliana na wengine.

Na kinyume chake nimekiona kwa macho. Wakati wa stage yangu nilikuta kooperativi moja yenye motopompe tatu kutoka miradi mitatu. Zote nzima. Rakori za kila moja zilikataa tiyo za wenzake, na tiyo moja ilipopasuka wakati wa kiangazi, pampu yake ililala mpaka mvua ikarudi. Maharage yalikauka mita thelathini kutoka kwenye mto. Waliotoa pampu waliandika kwenye ripoti nguvu za farasi na lita kwa saa. Kiungo hakikuandikwa.

8. KODI IMEKUFA, KIUNGO KIMEBAKI

Mwezi wa Julai 2025 Marekani ilipitisha sheria inayoshusha kodi ya silansie kutoka dola 200 hadi sifuri, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kuandikishwa kumebaki, kodi imekwisha. Jeshi nalo limegeuka: mwisho wa 2020 kikosi cha Marines kilianza kugawa silansie kwa askari wa miguu kwa wingi, na bunduki mpya ambayo jeshi la nchi kavu liliichagua mwaka 2022 ilikuja na silansie yake tangu mwanzo. Sababu kubwa ni amri kusikika katikati ya mapigano, na masikio. Kati ya askari wa zamani wa Marekani wanaolipwa kwa ulemavu, mvumo wa masikio na uziwi viko kati ya vinavyoongoza orodha. Baada ya zaidi ya miaka mia moja, maradhi ya Maxim mzee yamefanya dawa ya mtoto wake kuwa sehemu ya mzigo wa askari.

Je, sasa Wamarekani watarudi kwenye nyuzi za moja kwa moja, kila bunduki na tiyo yake? Wengine watarudi, kwa kuwa ni nyepesi na rahisi. Lakini viwanda vimekwisha kujengwa, mashini za kukereza zimepangwa, mamilioni ya vipande viko kwenye bunduki za watu. Sheria inaweza kufutwa kwa sahihi moja. Umbo ililolichonga kwenye chuma halifutwi hivyo.

Ndiyo sababu nimewaletea chuma hiki kidogo. Kati yetu kuna waliosoma sheria, wapo watakaokaa siku moja kwenye ofisi ya kuandika ushuru wa mbegu, wa mbolea, wa pampu, wa vipuri. Watu wa 1934 walidhani wanatoza kodi juu ya ukimya. Kumbe walikuwa wanaamua namna mjukuu wa fundi atakavyokereza bega na faneli miaka tisini mbele. Ninyi mtakaoshika kalamu, mbele ya kuandika neno "kipande" kwenye karatasi yenu, muulizeni kwanza fundi: kipande hiki kinashikana na nini?